Mtambaapanya wa Chini

Ramani ilisema bomba liko mita tatu kushoto.
Ramani ilichorwa mezani,
na meza haijawahi kushika sururu.

Nyemo wa idara ya maji akaja na nondo,
akaichoma ardhi ya Nkuhungu hatua kwa hatua,
sikio kalitega, midomo kaibana,
akashuka korongoni, mpaka pale, pale hasa
tulipopigilia vigingi vya nguzo ya pili.
*Ngo*, ardhi ikajibu.
"Ndilo hili," akasema. "Mlitaka kulikanyaga kifuani."

Injinia Haule akavua kofia, akaivaa tena.
Katapila likazimwa. Lechipya akashuka,
akajilaza kwenye kivuli cha gurudumu.
Sisi tukapewa sururu,
kisha tukanyang'anywa sururu,
tukaambiwa: mikono.

Umewahi kuuchimba kwa vidole
udongo wa Septemba, mgumu kama deni la dukani?
Tuliuchimba.
Kwanza tukakuta mchanga laini, si wa hapa,
tukajua kuna aliyelazwa kwa heshima.
Kisha mkongo wa simu, mwembamba kama kamba ya kiatu,
umebeba salamu na talaka za mji mzima.
Kisha lenyewe:
chuma, kutu begani, jasho ubavuni.
Nikaweka kiganja. Lilikuwa linatetemeka.
Maji ya Mzakwe yalikuwa yanapita humo
kwenda wodini, kwenda kwa kinyozi,
kwenda kwenye ndoo ya mke wangu
ambaye saa hiyo, bila shaka, alikuwa akinilaani
kwa kusahau kufunga koki.

Aliye juu mngoje chini, watu husema.
Hili limengoja chini miaka yote
na hakuna aliyeshuka.

Kwenye kizibo cha zege, pembeni ya kiungo,
mtu alikwaruza kwa msumari kabla zege halijakauka:
M. CHEDEGO 79.
E ya kwanza imegeukia nyuma.
Tuliulizana. Hakuna aliyemjua.
Nyemo alikipangusa kizibo kwa ncha ya khanga
akakifunika tena.

Haule akapiga hesabu kwenye mfuko wa saruji:
nguzo isisimame hapa. Zichimbwe mbili,
moja huku, moja kule, zishuke mpaka kwenye mwamba;
juu yao boriti ya zege, nene kama ng'ombe,
ipite juu ya bomba bila kuligusa,
na katikati ibaki nafasi ya shubiri moja
tuijaze mchanga mkavu,
ili hata boriti ikizama kidogo kwa uzee
isimwamshe aliyelala.

"Aa," akasema fundi Mlewa, "kumbe mtambaapanya!
Ule wa darini, ila umeshushwa kaburini."
Tukacheka. Panya wetu ni maji.

Siku ya kumwaga zege hatukulala.
Nilikaa na mtetemeshaji mkononi
nikiogopa mkono wangu mwenyewe.

Januari korongo lilijaa, jekundu, lina matawi na ndala.
Daraja halikusema kitu.
Malori ya zabibu yalipita, bodaboda zikapita,
bibi harusi akapita amekaa upande, shela mdomoni.
Kila mmoja alivuka madaraja mawili
akahesabu moja.

Haule amechora ramani mpya, mstari mwekundu.
Nyemo akamwambia: "Andika na chini yake,
ramani hukosea." Hakuandika.

Basi naandika mimi, kwa ajili yako
utakayekuja na nondo yako
tukiwa sisi hatuulizwi tena:
piga polepole.
Chini ya nguzo ya pili kuna boriti,
chini ya boriti kuna mchanga, shubiri moja,
chini ya mchanga kuna Chedego
na E yake iliyogeuka.
Ukisikia *ngo*, weka sururu chini.
Anza na mikono.